Datsun 240Z: gari la bei ndogo lililoshinda Safari, likaoza, kisha likatafutwa tena

Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1971, gari jekundu lenye boneti nyeusi lilimaliza mbio za East African Safari mbele ya mengine yote. Lilikuwa Datsun 240Z, na dereva wake alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkaaji wa Kenya, pamoja na msaidizi wake Hans Schüller. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine. Siku hizo watu wengi wa Ulaya walikuwa bado wanacheka magari ya Japani. Baada ya Pasaka hiyo kicheko kilipungua.

Miaka 25 baadaye, ndugu za gari hilo walikuwa wamelala nyuma ya nyumba za watu huko Marekani, matairi yamekwisha upepo, majani yameota katikati ya magurudumu, sakafu imeliwa na kutu. Hapo likatokea jambo ambalo si la kawaida katika biashara ya magari. Kampuni yenyewe iliyoyatengeneza ilirudi kuyatafuta, ikayanunua yakiwa machakavu, ikayatengeneza na kuyaweka tena dukani.

Kwa nini gari lililopendwa namna hiyo liliachwa lioze? Na kwa nini, baada ya kuoza, lilirudi wakati magari mengine ya mwendo kasi ya zamani zake yamepotea kabisa? Jibu la maswali yote mawili ni moja: bei yake ilikuwa ndogo.

Bwana K na jina lililong'olewa

Mwaka 1960 Nissan ilimtuma Marekani mtu mmoja aitwaye Yutaka Katayama. Alizaliwa mwaka 1909, na alikuwa mpenzi mkubwa wa mbio za magari. Mwaka 1958 aliongoza kikosi cha Datsun katika mbio ndefu za kuzunguka Australia, na kikosi hicho kikashinda katika daraja lake. Huko Marekani alikuta kazi ngumu. Datsun za wakati huo zilikuwa ndogo na hazina nguvu, na wauzaji wa magari hawakuzitaka. Katayama alizunguka mwenyewe kwa wauzaji wadogo akiwaomba wazijaribu. Wamarekani walishindwa na jina lake refu, wakamwita Bwana K.

Bwana K aliona nafasi mahali ambapo wengine hawakuona. Magari ya mwendo kasi yalikuwepo, lakini yalikuwa ya watu wenye pesa. Porsche 911 na Jaguar E-Type zilikuwa nzuri, na bei zake zilimfukuza mwalimu, karani na fundi. Magari madogo ya Uingereza yaliyokuwa na bei nafuu yalisifika kwa kuharibika njiani. Alichotaka yeye ni gari zuri la kutazama, lenye mbio, linalowaka kila asubuhi, na ambalo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulinunua.

Nissan ilikubali. Mchoro wa nje ulisimamiwa na Yoshihiko Matsuo na wenzake: pua ndefu, mgongo ulioteremka mpaka nyuma, viti viwili tu. Gari lilitoka Japani mwezi wa kumi 1969 kwa jina la Fairlady Z. Jina hilo lilitokana na mchezo wa kuigiza wa muziki, My Fair Lady, uliompendeza mkubwa wa kampuni. Bwana K alijua kwamba jina hilo halitauzika kwa vijana wa Marekani. Magari ya kwanza yalipofika, alama za Fairlady ziling'olewa, mahali pake zikawekwa namba na herufi: 240Z. Namba 240 ilitoka kwenye injini yake ya lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili.

Bei yake ilikuwa dola 3,526. Watu walipanga foleni. Kuanzia 240Z ya kwanza mpaka 260Z na 280Z zilizofuata kwa umbo lilelile, hadi mwaka 1978, yaliuzwa magari zaidi ya 500,000. Kwa gari la mwendo kasi, idadi hiyo haikuwa imewahi kuonekana.

Vumbi na matope ya Safari

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Tanzania. Zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua. Njia haikuwa ya lami. Asubuhi dereva alikula vumbi, mchana akazama kwenye matope, usiku akakutana na wanyama barabarani. Barabara hazikufungwa kwa ajili ya mbio: lori la ndizi na basi la abiria vilipita njia hiyohiyo. Wengi walioanza hawakufika mwisho.

Nissan ilizitumia mbio hizi kama shule. Mwaka 1970 Herrmann na Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la familia lililoimarishwa. Mwaka uliofuata wakapewa 240Z, na wakashinda tena. Aliyewafuata katika nafasi ya pili alikuwa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta, wa familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi nchini Uganda, akawapa siku 90 tu. Familia ya Mehta ilihamia Kenya. Pasaka ya 1973 Mehta alirudi barabarani na 240Z, akiwa na Lofty Drews. Mwisho wa mbio, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun nyingine, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Ilibidi kanuni ya kuwatenganisha itumike, na Mehta akapewa ushindi. Mtu aliyekuwa amepoteza kwao miezi michache kabla akawa bingwa wa Afrika Mashariki. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, zote akiwa na magari ya kampuni ileile.

Ushindi huo ulikaa kichwani mwa watu. Miaka mingi baadaye, aliyeona 240Z imelala chini ya mti hakuona mabati tu. Aliona gari lililotoka kwenye matope ya Safari likiwa la kwanza.

Kitu cha bei ndogo hakitunzwi

Gari la pesa nyingi hulala ndani ya garaji. Mwenyewe huliosha, hulifunika, na mvua ikinyesha huchukua gari lingine. 240Z haikupata bahati hiyo. Ilikuwa gari la kila siku. Ilienda kazini na sokoni, ikaachwa nje usiku kucha, na wakati wa baridi ikapita kwenye barabara za kaskazini mwa Marekani ambako chumvi humwagwa ili barafu iyeyuke. Chumvi na bati havipatani.

Bati la 240Z lilikuwa jembamba, na kinga dhidi ya kutu katika magari ya miaka hiyo ilikuwa ndogo. Maji yaliingia kwenye mifereji ya chini ya kioo cha mbele, yakakutana na majani makavu, yakakosa pa kutokea. Asidi ya betri ilidondoka kwenye kibati chake, ikakila, kisha ikateremka mpaka kwenye nguzo ya chini inayobeba upande huo wa mbele. Kutu ilianza ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Siku ilipojitokeza nje kama kijipele chini ya rangi, ndani tayari palikuwa pamebaki unga mwekundu.

Bei ya soko nayo ikashuka. Kufikia miaka ya 1980, 240Z ilikuwa gari kuukuu la wanafunzi. Likipasuka bomba, hesabu ilikuwa fupi: kulitengeneza kunapita thamani yake, basi liachwe. Ndiyo sababu maelfu yaliishia nyuma ya nyumba, si kwa kuwa yalikosa kupendwa, ila kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kutumia pesa kwa kitu kinachopatikana kila kona.

Wakati huohuo, Z mpya zilizidi kunenepa na kupanda bei. Katikati ya miaka ya 1990, 300ZX yenye turbo ilipita dola 40,000. Mnunuzi wa Bwana K, yule wa mshahara wa kawaida, alikuwa amesahauliwa. Mwaka 1996 Nissan iliacha kuiuza Marekani. Herufi Z ikabaki bila gari.

Kampuni yanunua machakavu yake

Hapo ndipo ulipokuja mpango ulioitwa Vintage Z. Nissan ya Marekani ilinunua 240Z za miaka ya mwanzo, ikazipeleka kwa mafundi waliokuwa tayari wamebobea katika magari hayo, zikavuliwa mpaka bati tupu, zikatengenezwa upya, halafu zikauzwa na wauzaji wachache waliochaguliwa. Bei ya kuanzia ilikuwa kama dola 25,000, karibu mara saba ya ile ya mwaka 1970.

Lengo halikuwa kutajirika. Kampuni ilitaka watu wasilisahau jina wakati hakuna gari jipya la kuwaonyesha. Mpango ulipofikia mwisho, magari yaliyokamilika hayakufika hata 50.

Idadi hiyo ndogo ni somo kwa yeyote anayefikiria kununua gari la zamani lililotelekezwa. Hii ni kampuni iliyolichora gari, yenye majina ya vipuri vyote, yenye mafundi wa kuchagua na jina la kuuzia. Hata hivyo haikuweza kufanya kazi hiyo kwa wingi. Kufufua gari hakufanani na kuliunda kiwandani. Kiwandani kila gari ni sawa na lililotangulia. Kwenye ufufuzi kila gari lina ugonjwa wake, na fundi hujua ukubwa wa ugonjwa baada ya kufungua, yaani baada ya mnunuzi kulipa.

Mnunuzi aangalie nini kwanza

Wanaozijua 240Z wana kanuni moja: nunua bodi, usinunue injini. Mtu asiyejua hufanya kinyume. Anasikia injini inawaka, anafurahi, anatoa pesa. Lakini injini ya gari hili ni ya chuma kigumu, inafunguka na kufungwa kwa vifaa vya kawaida, na ikishindikana kabisa kuna nyingine ya kuiweka. Bodi iliyooza haina mbadala wa haraka, kwa sababu katika gari hili bodi na chesisi ni kitu kimoja. Bati likiisha, gari limekwisha.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hujifunga nguo chafu na kulala chini. Anagonga sakafu miguuni mwa dereva na mwa abiria. Anatazama nguzo mbili zinazopita chini ya sakafu kutoka mbele, anachungulia chini ya betri, anapapasa pembe ya bati iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, anafungua mlango wa nyuma na kukagua kizingiti chake. Anabeba sumaku ndogo ndani ya kitambaa. Ikikataa kushika, hapo pana mastiki na rangi, hapana chuma.

Baada ya bodi zinakuja karatasi na namba. Namba ya chesisi imepigwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, na kibati kilichoko kwenye chumba cha injini kinaonyesha pia namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Zikilingana, thamani inapanda. Zisipolingana gari bado linafaa, ila bei yake inatakiwa iseme hivyo.

Jambo la tatu ni vitu vidogo. Mtu anaweza kudhani kwamba injini ndiyo itakayommaliza pesa, kumbe kinachomchelewesha ni dashibodi isiyopasuka, vipande vya mapambo ya ndani, kioo cha taa na alama za nje. Gari lililokaa lakini lina vitu vyake vyote, hata kama vimechakaa, ni bora kuliko lililopigwa rangi mpya na kupoteza nusu ya vitu hivyo.

Na mwisho ni mpangilio wa kazi. Wengi wa wanaoshindwa hushindwa siku ya kwanza, wanapovua kila kitu kwa furaha na kutupa skrubu kwenye ndoo moja. Miezi sita baadaye hawakumbuki ipi ni ya wapi, pesa zimekwisha, na gari lililokuwa limechakaa limegeuka kuwa maboksi. Anayefaulu hupiga picha kabla ya kufungua, huweka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake wenye maandishi, hamalizi sehemu moja bila kujua atalipia nini sehemu inayofuata, na hagusi rangi ya nje mpaka bati lote liwe limepona.

Ule wingi uliowafanya watu walidharau

Sasa turudi kwenye ile bei ndogo. Ndiyo iliyosababisha 240Z ziachwe zioze, na ndiyo pia iliyofanya ziweze kurudi.

Kwa kuwa yaliuzwa magari zaidi ya 500,000 ya umbo hilo, hata baada ya mengi kuoza, yalibaki ya kutosha kutoa vipuri, au piyesi kama wanavyosema mafundi wa Bukavu na Goma. Gari moja lisilotibika hutoa mlango, kioo na gia za kuponyesha mawili. Kwa kuwa wenye kuyataka ni wengi, watengenezaji wadogo waliona faida ya kukunja upya mabati ya sakafu na nguzo za chini, na mpaka leo yanapatikana.

Injini nayo haikutengenezwa kwa ajili ya gari hilo peke yake. Ni ya ukoo uleule uliobeba magari ya familia ya Datsun na pikapu zake. Ndugu yake mkubwa, L28 ya lita 2.8, iliwekwa hata kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980. Inaingia kwenye 240Z bila kukata bati, na wengi wameiweka. Fundi aliyezoea Patrol ya petroli ya miaka hiyo akifungua boneti ya 240Z hatakuwa mgeni sana.

Gari la kifahari lililotengenezwa kwa idadi ya mia mbili halina bahati hiyo. Likipoteza kipande, kipande hicho huchongwa upya kwa mkono, kwa bei ambayo tajiri peke yake anaimudu.

Yaliyofuata

Mwaka 1999 Nissan, ikiwa na madeni makubwa na ikiingia katika ushirikiano na Renault ya Ufaransa, ilionyesha Detroit gari la majaribio lililokumbusha 240Z. Mwaka 2002 Z mpya, 350Z, iliingia sokoni, na wakubwa wa kampuni wakarudia kauli ya Bwana K kwamba liwe gari la mwendo kasi ambalo mtu wa kawaida analifikia. Yale magari machache yaliyofufuliwa hayakuizaa 350Z peke yake, lakini yaliweka jina hai katika miaka ambayo lingeweza kuzikwa.

Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan huko Japani, wanaojitolea baada ya saa za kazi kufufua magari ya historia ya kampuni yao, walilishika lile gari jekundu la Herrmann la mwaka 1971. Walilifungua, wakalitengeneza, likanguruma tena zaidi ya miaka 40 baada ya matope ya Safari. Bwana K alikuwa bado hai. Alifariki mwezi wa pili 2015, akiwa na miaka 105.

Na mwezi wa kwanza 2020, 240Z moja ya kijani ya mwaka 1971 iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola 310,000. Gari hilo halikuwa limefufuliwa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amelitunza, likiwa limetembea kilomita karibu 35,000 tu. Wanunuzi wa magari mabovu wanapaswa kuitafakari bei hiyo. Kazi ya fundi bora, yenye rangi mpya na ngozi mpya, kwa kawaida haifikii bei ya gari ambalo halikuachwa kamwe.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu na Uvira, 240Z ni gari la mbali. Lakini magari ya Japani yaliyotumika, mengi yakiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, ndiyo yanayobeba watu na mizigo kila siku, na mafundi wa garaji za mtaani ndio wanaoyazuia yasife. Yanadharauliwa kwa kuwa ni mengi na bei yake ni ndogo, kama 240Z ilivyodharauliwa mwaka 1985. Mwenye gari la namna hiyo hahitaji dola 25,000 ili kulilinda. Anahitaji kusafisha mifereji ya maji kabla ya masika, kuosha asidi chini ya betri, kuhifadhi karatasi zake, na kutotupa kipande cha asili ambacho fundi amekibadilisha. Ni kazi ya nusu saa, na katika 240Z zile 500,000 na zaidi, wengi wa wenyewe waliiahirisha mpaka sakafu ikatoboka.